Baba, Mguu Wangu Haukunisikia

Baba yangu uliyelala nyuma ya migomba,

Sijawahi kukuandikia. Ulipokuwa ukichunga ng'ombe wa ranchi kule Ndara nasi tuko juu milimani Chawia, salamu zilikwenda kwa mdomo wa yeyote aliyekuwa akishuka Voi. Huko uliko sasa hakuna ninayeweza kumtuma, kwa hivyo nimechukua kalamu. Naandika kwa sababu ninaogopa, na kati ya watu wote niliowahi kuwajua, wewe ndiye uliyeogopa kitu hiki hiki.

Unakikumbuka kijia chetu cha kushuka kutoka barabarani hadi nyumbani. Vidato vyake ulivichimba mwenyewe, ukavishikilia kwa mawe. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekilowesha, nami nilikuwa nimebeba nyasi za ng'ombe. Nilipofika pale kinapobana kati ya mwamba na ukingo wa shamba, mguu wa kulia niliousimamia uliteleza, nikaangukia goti juu ya jiwe. Nilisikia mlio ndani yangu, kama ukuni mkavu ukivunjwa. Mama anasema hakunisikia nikilia. Aliona nyasi zikiporomoka hadi uani, akatoka kuuliza nani anamwaga nyasi, akaniona kule juu nimekaa kwenye matope, mguu umekaa vibaya.

Hospitalini walisema ile pia ya goti, mfupa wa mbele, imepasuka. Waliifunga kwa nyaya, wakanishona, wakaufunga mguu wote ukae umenyooka. Mshai, kitinda mimba wako, akanichukua kwake Voi, kwa kuwa mguu kama ule haungeweza kushuka kile kijia cha Chawia. Nililala kwenye kitanda chake nikisikiliza malori ya barabara kuu na joto la Voi likinichoma kidonda, nikisubiri siku ya kuambiwa nianze kuutumia.

Siku hiyo ilipofika alikuja Ndunge. Ni binti wa Kikamba aliyekulia hapa Voi, kazi yake ni fizio, kufundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi upya. Aliweka taulo iliyokunjwa chini ya goti langu akaniambia nikaze paja, nilisukume goti liiminye ile taulo. Kitu cha mtoto, Baba. Nikakaza. Nikauma meno, nikashika godoro, nikakaza tena. Paja lilikaa pale limelegea kama unga uliokandwa na kuachwa. Niliuagiza mguu wangu mwenyewe, na mguu haukunisikia.

Maumivu nilikuwa nimeyazoea. Hofu hii ilikuwa ngeni. Unapougua, mwili unakulalamikia, angalau mnazungumza. Huu wangu ulikuwa umenyamaza. Nilimwuliza Ndunge kama mguu umekufa, naye akaona machozi yangu akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Haujakufa, Mama Wakesho. Umeogopa," akasema. "Goti likiumia na kuvimba, ubongo unauzima msuli usije ukaliumiza zaidi. Sasa tunaubembeleza urudi."

Hakujua alichokigusa. Nilikuwa nimekwisha kukuona wewe.

Nilikuwa bado shule ya msingi ulipoletwa nyumbani kutoka Ndara na plasta kuanzia pajani hadi kwenye unyayo. Ndovu alikuwa amewatimua wewe na ng'ombe, ukatumbukia kwenye shimo la ngiri. Plasta ilipotolewa, waliokutibu walikuambia ukunje goti asubuhi na jioni, hata likiuma. Ulikunja siku chache, kisha ukaacha. "Mguu uliovunjika unaachwa upumzike," ulituambia, nasi tukaamini, kwa kuwa uliyesema ni wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiupaka mafuta ya moto. Kila muhula nikifunga shule nilikuta paja limepungua, ngozi imebaki kubwa kuliko nyama, hata mkono wangu wa mtoto ukaweza kulizunguka. Ulikaa kwenye kiti cha barazani umenyoosha mguu, nasi tukauruka tukiingia na kutoka, tukauzoea kama watu wanavyozoea kizingiti. Hukurudi tena Ndara. Hukupanda tena hadi barabarani ila siku tuliyokubeba kwenda hospitalini, nayo ilikuwa ya mwisho.

Kwa hiyo Ndunge alipokuwa akinieleza habari za ubongo na msuli, mimi nilikuwa nakitazama kile kiti.

Alipokuja tena alileta vibandiko vidogo vyenye nyaya. Alinibandika juu ya mapaja yote mawili, akaweka mbele yangu tableti. Alisema msuli ukifanya kazi hutoa umeme kidogo sana, na kile kifaa huusikia hata pale jicho halioni kitu. Nikakaza mguu mzima: mstari kwenye tableti ukapanda juu kama mlima Vuria. Nikakaza mbovu: mstari ukalala kama nyika ya Tsavo. Nilitaka kuvibandua. Ndunge akasogeza kioo cha tableti karibu na uso wangu, akaniambia nitazame vizuri. Kulikuwa na tetemeko dogo, vijiwe vidogo katikati ya tambarare. "Huo ni wewe," akasema. "Umesikika."

Sikufurahi kama alivyotaka nifurahi. Nilifikiri: iwapo nguvu zangu zote zinatoa vijiwe tu, nyumbani nitafika lini?

Ndipo alipoleta habari ya maji. Kuna hoteli kwenye njia ya kuelekea lango la mbuga. Walimruhusu kutumia bwawa lao la kuogelea asubuhi, wageni wakiwa wamekwenda kutazama wanyama. Kidonda changu kilikuwa kimefunga. Alisema majini mwili hupoteza uzito, goti litakunjika bila kubebeshwa mzigo wote. Nikamwambia sisi watu wa milimani maji tunayajua ya kuchota.

Sikumweleza kuhusu mto. Wewe unaukumbuka. Nilikuwa nimeshuka likizo kukutembelea, tukiwa njiani kwenda ranchini tukaukuta Mto Voi, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, umejaa maji mekundu yanayobeba magogo. Ulisubiri, ukachoka kusubiri, ukaniweka mabegani ukaingia. Katikati ulisimama. Maji yalikuwa yamekufika kifuani. Nilihisi mabega yako yakitetemeka chini ya mapaja yangu, nikajua kwamba baba yangu, ambaye fisi walimkimbia, anaogopa. Uliniambia neno moja tu, "Shika nywele." Ng'ambo uliniteremsha, ukakamua shati lako, ukaanza kutembea. Hatukulizungumza mpaka ukafa. Toka siku hiyo maji yanayonipita kiuno sijawahi kuyaingia.

Siku ya kwanza pale bwawani nilisimama kwenye ngazi nimeshika chuma, nimevaa fulana na taiti, magongo yangu yameegeshwa ukutani. Mshai alinishika kwapa. Maji yalikuwa meupe, chini naona vigae, na bado sikukiachia chuma. Yaliponifika kiunoni nilirudi nyuma. Yaliponifika kifuani nilimrukia Ndunge shingoni, mtu mzima mimi, nikamng'ang'ania hata akakosa pumzi. Hakunicheka. Alisimama tu, akaniambia nisitazame mbali, nitazame kola ya fulana yake. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ninajua nimesimama kwa miguu mingapi.

Nilikuwa nimesimama kwa yote miwili.

Baba, siwezi kukueleza ilivyokuwa goti lile kukunjika. Lilikwenda nyuma polepole, maji yakilibeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, na halikulia. Nililia mimi. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Nilisimama kwa mguu mbovu peke yake, jambo ambalo nchi kavu lingenivunja. Tangu siku hiyo nikawa wa kwanza kuamka, nikimharakisha Mshai.

Lakini Ndunge hakuwa akitazama uso wangu, alikuwa akitazama mstari. Vibandiko alivifunika kwa plasta isiyopitisha maji, akawa anaona kila ninachofanya. Nikiinua mguu polepole majini, mstari haukupanda sana. Akaniambia nipige teke kwa kasi, ukapanda, kwa kuwa maji ukiyaharakisha yanakupinga. Nikirudia polepole, ulishuka. Kisha tulipotoka alinikalisha kwenye kiti cha pale kando ya bwawa, akanitaka nisimame bila kujishika. Nilikuwa nimekwisha kulifanya lile lile ndani ya maji, nikikaa na kusimama kwenye ngazi ya bwawa bila shida. Hapa nje mwili wote ulinirudia kama gunia la mahindi. Mstari uliruka juu, ukakwaruzana, ukatetemeka, nami nikatetemeka nao, nikarudi kitini kwa kishindo.

Akanieleza kwa utaratibu. Maji yamelifundisha goti kukunjika na yameuondolea ubongo hofu, lakini yamekuwa yakifanya kazi kubwa ya msuli. Msuli unaobebewa hauongezeki. Lazima sasa nibebe mwenyewe, kidogo kidogo, nchi kavu.

Nilimkubalia kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuhama. Yale maji niliyoyaogopa yakawa mahali pekee nisipoogopa, na ardhi niliyozaliwa juu yake ikawa ndiyo mto. Mazoezi ya nyumbani nilifanya nusu, au nilimwambia Ndunge goti limevimba wakati halikuvimba. Alinisoma kwenye kile kifaa. Siku moja, tukiwa bado majini, alisema kwa upole kabisa, "Mama Wakesho, Chawia hakuna bwawa."

Tukaanza ngazi. Kupanda nilijitahidi. Kushuka ndiko kulikonitia baridi. Ukishuka, paja la mguu uliobaki juu hukaza huku likiachilia, kwa kiasi, kwa kiasi. Nilipolielewa hilo nilikukumbuka ukiteremsha mzinga wa asali kutoka mtini kwa kamba, mkono baada ya mkono, nyuki wakikuzunguka, nawe ukisema anayeachilia kamba kwa pupa atakula masega yenye mchanga. Lakini hiyo ilikuwa kamba na mikono yako. Mimi nilikuwa na paja lisilosikia vizuri.

Halikusikia. Nikiwa kwenye ngazi za mlango wa Mshai, Ndunge hayupo, goti liliachia. Hakuna onyo, lilikuwepo, halafu halipo. Niliangukia mikono na ubavu. Goti likajaa kama tikiti. Niliamini nyaya zimekatika na kila kitu kimekwisha. Hospitalini walipiga picha, wakasema mfupa umeshika, nyaya ziko sawa, msuli ulichoka tu. Watu husema "msuli tu" kana kwamba ni jambo dogo.

Baada ya hapo sikushuka tena kitandani ila kwa haja. Ndunge alikuja, nikajifanya nimelala. Mshai na Wakesho wakazungumza kwa simu. Wakesho ni yule mjukuu wako niliyerudi naye mgongoni ndoa iliponishinda, ukaniuliza tu kama tumekula. Siku hizi ana kazi Nairobi. Walikubaliana nihamie Voi kabisa, ng'ombe auzwe, na Mama naye ateremshwe tukae pamoja mahali pa tambarare. Waliniambia kwa mapenzi. Mshai alikuwa amekwisha kunitafutia kiti kizuri chenye mito, cha kuweka barazani.

Nilipokiona kile kiti niligeukia ukutani.

Mama alipopigiwa simu alikataa. Alisema hawezi kukuacha peke yako nyuma ya migomba. Kisha akataka nipewe simu, Mshai atoke nje. Unajua Mama si mtu wa maneno mengi kwenye simu. Husema "haya haya" akakata. Siku hiyo hakukata. Aliniambia jambo ulilomkataza kulisema, na nisamehe kwamba sasa ninalijua.

Aliniambia kwamba ulipoacha kukunja goti haukuwa ukaidi. Tulipokuwa tumekwenda shule ulikuwa ukiingia kwenye zizi la mbuzi, mlango umeufunga, ujaribu kusimama bila fimbo. Siku moja alisikia mbuzi wakihangaika, akafungua, akakukuta umelala chini kwenye samadi, umeshindwa kuinuka, umejifunika uso kwa mkono. Alikuinua. Ulimwapisha asiwaambie watoto. Hukujaribu tena.

"Baba yako aliogopa peke yake," Mama akasema. "Wewe usiogope peke yako."

Nilikaa na simu mkononi hata kioo kikazima. Nilikulilia, Baba, kuliko nilivyokulilia siku ya mazishi. Miaka yote nilidhani ulikuwa umepumzika.

Mshai aliporudi nilimwambia ukweli wote: kwamba nilikuwa nikidanganya kuhusu uvimbe, kwamba nikiona ngazi mikono inakufa ganzi, kwamba nikifumba macho najiona nimekaa barazani na wajukuu wanaruka mguu wangu. Alikaa chini kwenye sakafu, akashika wayo wangu. Akasema alikuwa akidhani mimi ni jasiri, ndiyo maana alinunua kiti. Alitaka niupumzishe huo ujasiri. Tukacheka kidogo, tukalia tena. Kiti akakirudisha asubuhi yake.

Ndunge naye nilimwambia. Alibadilisha mpango. Majini tulibaki kwa siku chache, lakini sasa aliniamuru niende kwa kasi, nipambane na maji yaache kunibeba. Halafu moja kwa moja, mwili ukiwa bado umelowa, tulikuwa tunafanya lile lile nje, huku Mshai akisimama mbele yangu na mimi nikisema kwa sauti kila ninachoogopa. Wafanyakazi wa hoteli nadhani walituona wendawazimu. "Naogopa litaachia." Nashuka ngazi. "Naogopa litaachia sasa." Nashuka nyingine. Mstari ukawa unapanda bila kukwaruzana. Haukufika ule wa mguu mzima. Hata leo haujafika.

Wiki iliyopita nilirudi nyumbani.

Bodaboda ilituacha pale juu. Mshai alitangulia akishuka kinyumenyume, uso wake kwangu, nami nikafuata na fimbo. Ndunge alikuwa amenifundisha kwamba ukishuka, mguu mbovu utangulie, mzima ubaki juu ukuteremshe. Nilifanya hivyo kidato baada ya kidato, jasho likinitiririka ingawa kulikuwa na ukungu. Mama alikuwa amesimama uani, mdogo kama kuku, akitutazama.

Tukafika pale palipobana. Ule mwamba umetokeza upande wa kulia, hauachi nafasi ya mguu wa kulia kutangulia. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote nilipita hapo bila kufikiri. Mguu wa kushoto ndio uliopaswa kushuka kwanza, na mbovu ubaki juu, peke yake, uteremshe mwili wangu wote.

Nilimwambia Mshai siwezi. Akasema tutarudi juu ukitaka. Nikatazama juu, nikatazama chini. Kulikuwa na lile jiwe. Nilijua hakika, kama ninavyolijua jina langu, kwamba nitaanguka. Hapakuwa na maji ya kunibeba, wala vibandiko, wala kioo cha kuniambia kama msuli unafanya kazi. Nikahamisha fimbo mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia nikakiweka juu ya paja, pale Ndunge alipokuwa akibandika.

"Naogopa litaachia," nikasema.

"Niko hapa," Mshai akasema.

Nikaanza kushuka. Na chini ya kiganja changu, Baba, nilihisi paja likikaza. Lilikuwa gumu, lilitetemeka, lilikuwa hai. Lilikaza na kuachilia, likakaza na kuachilia, hadi unyayo wa kushoto ukagusa udongo.

Mama hakunipongeza. Aliniangalia kuanzia juu hadi goti, akafunga leso yake vizuri, akasema uji unapoa. Nilipokwisha kunywa nilikuja hapa ulipolala nikang'oa magugu nikiwa nimesimama, kwa kuwa kupiga magoti bado siwezi.

Sasa ukweli wa leo. Tangu niliposhuka sijapanda. Mvua imenyesha siku mbili, kijia kimekuwa sabuni. Kesho Ndunge ananisubiri Voi, na Mshai hayupo, amerudi kazini. Mama amesema atatembea nyuma yangu hadi barabarani. Nimemwambia ni mzee, akisukumwa na uzito wangu tutaporomoka sote. Akasema basi nisianguke. Usiku nimeamka mara kwa mara kulishika paja kuona kama bado lipo. Lipo. Ninaogopa hata sasa ninapoandika. Herufi unaziona zilivyo.

Nitamwambia Mama kwamba ninaogopa, kwa sauti, kabla hatujaanza. Kisha nitapanda.

Pumzika, Baba. Safari hii pumzika kweli.

Ni mimi, kifungua mimba wako.